Simu Iliniambia Friji Liko Sawa

Nina umri wa miaka hamsini na moja, ni mjane, na ninaishi Korogwe. Nauza dawa za mifugo. Nilikuwa na maduka mawili, moja hapa Korogwe na jingine Handeni, na kwa miaka mingi nilijiona ndiye mwanamke mwenye akili kuliko wote katika biashara hii.

Ninyi mnaosoma, nawapa ruhusa ya kunidharau. Sitaumia. Mimi mwenyewe nimejidharau kiasi kwamba dharau zenu zitanikuta nimeshazoea.

Mume wangu alipofariki aliniachia mtoto mmoja wa kike, Latifa, kabati moja la dawa, na gari dogo la mizigo, kirikuu. Sikujua dawa ya minyoo wala ya kupe. Aliyenifundisha ni mwanamke anayeitwa Bi Mwantumu, Mzigua wa Kabuku, mkubwa kwangu kwa miaka saba. Nilimwajiri aniuzie dukani, kumbe ndiye aliyekuwa ananilea.

Bi Mwantumu aliishia darasa la saba. Amekulia karibu na maboma ya wafugaji, kwa hiyo Kimaasai anakizungumza kama Kizigua chake. Mfugaji akija na kusema tu ng'ombe wake anazunguka mahali pamoja kama mlevi, Bi Mwantumu alijua ni ugonjwa gani, akamuuliza maswali mawili, akampa dawa na kumweleza kipimo. Kila wiki alipanda kirikuu na dereva, wakapeleka dawa vijijini hadi Mashewa na Mnyuzi, na siku za mnada alishinda kwenye duka la Handeni.

Na friji... Chanjo za kuku zinakaa kwenye friji, na zikipata joto zinakufa. Chanjo iliyokufa haibadiliki rangi wala hainuki. Ukiitazama ni ileile. Bi Mwantumu alikuwa na kipimajoto ndani ya friji, anakiangalia asubuhi, mchana na kabla ya kufunga, anaandika kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni. Umeme ukikatika, anahamishia chanjo kwenye boksi la baridi na kukimbia kwa muuza samaki kuomba barafu. Siku za sikukuu alikuwa anapanda gari kutoka kwao Kabuku kuja kuangalia friji la Handeni, kisha anarudi kula pilau lililopoa.

Sikumwagiza afanye hivyo. Sikumshukuru pia. Nilipoanza kupata fedha niliacha hata kumwamkia shikamoo. Mimi bosi, nimwamkie mfanyakazi? Ndivyo nilivyokuwa, wasomaji wangu.

Aibu yangu ilianzia Tanga mjini, kwenye semina ya wauza dawa. Wenzangu walikuwa na vishikwambi, wanasogeza kidole na kuona mauzo ya maduka yao yote. Kijana mmoja wa kampuni akaniuliza, "Mama, wewe unatumia mfumo gani?" Nikamjibu, daftari. Meza nzima ikacheka. Nilirudi Korogwe nimefura kama andazi. Nilipoingia dukani nikamkuta Bi Mwantumu na khanga yake, penseli kaichomeka kwenye nywele, nikamchukia hapo hapo. Niliona kama ndiye aliyefanya nichekwe kule.

Wiki chache baadaye akaja mdogo wangu Ramadhani, tunamwita Rama. Tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa Dar kwa miaka kumi na kitu, akifanya mambo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuyaeleza. Alirudi na viatu vilivyochongoka visivyo na soksi na begi la kompyuta ambalo hakulitua hata wakati wa kula. Alijitambulisha kwa majirani kama mtaalamu wa mifumo ya biashara. Majirani wakaniuliza ndiyo kazi gani. Nikajibu kwa madaha kwamba wao hawawezi kuelewa. Mimi nilielewa? Mimi ndiyo sikuelewa kabisa, ila nilijua kukaza shingo.

Rama alikaa dukani siku moja. Siku moja tu. Jioni akaniambia, "Dada, biashara yako ni kubwa, lakini unaiendesha kwa kichwa cha mtu aliyeishia la saba. Akiumwa yule bibi, umefunga."

Maneno yale yaliingia mwilini mwangu kama sukari kwenye chai ya moto. Ndiyo hasa niliyotaka kuyasikia.

Akanipangia orodha. Kompyuta kwa kila duka. Mashine ya kumulika boksi ikasoma bei. Kamera. Na kitu nilichokipenda kuliko vyote: kidude cheupe chenye laini ya simu ndani yake, unakiweka kwenye friji, kinapima baridi na kutuma namba kwenye simu yako popote ulipo. Ili tuvipate vyote hivyo, Rama akashauri niuze kirikuu. Alisema siku hizi mteja anamfuata muuzaji kwenye mtandao, si muuzaji kumfuata mteja porini. Nikauza. Gari lililokuwa linaleta chakula mezani nilimpa mtu mwingine huku nacheka, nikanunua skrini.

Kisha nikamwita Bi Mwantumu ofisini. Rama alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Nilimwambia kazi yake sasa inafanywa na mfumo, na dada wawili waliosoma kompyuta watakaa madukani. Nilitarajia alie. Nadhani nilitaka alie.

Aliuliza jambo moja tu. "Na friji, Mama Latifa? Nani ataliangalia?"

Rama akacheka. Akamwonyesha simu. "Bibi, hapa naliona la Handeni nikiwa Korogwe. Wewe ungeweza?"

Bi Mwantumu akaitazama ile simu, akamtazama Rama, kisha akanitazama mimi. "Hapana, mwanangu, nisingeweza," akamjibu. Akavuta khanga yake, akaondoka. Nami nilimcheka kabla hajafika barabarani, tena kwa sauti, ili Rama asikie.

Miezi ya mwanzo nilijiona malkia. Nilikaa sebuleni Korogwe nikitazama wateja wa Handeni kwenye kamera. Tatizo ni kwamba wateja wenyewe walikuwa wanapungua. Siku moja ya mnada nilikuwa Handeni, akaingia mzee mfugaji, akaanza kueleza kwa Kiswahili cha kuokoteza jinsi ng'ombe wake anavyozunguka. Asha, yule dada wa kompyuta, akamuuliza jina la dawa. Mzee hakujua jina. Asha akamwambia bila jina mfumo hautafuti. Mzee akaangalia huku na huku, akauliza, "Yule mama yuko wapi?"

"Ameacha kazi," nikajibu mimi.

Akageuka, akatoka. Hakununua hata sindano. Nilimsindikiza kwa kubetua mdomo, nikasema hawa watu hawaendi na wakati. Yeye akaenda na ng'ombe wake kwa muuzaji mwingine, mimi nikabaki na wakati.

Vijijini nako kukafa. Kirikuu hakipo, nani angewapelekea dawa Mashewa? Rama aliniletea mchoro kwenye kompyuta, una mistari ya rangi, mmoja ukishuka kama mtu anayeteremka milima ya Usambara. Nikamuuliza huu mstari ni wa nini. Akasema ni mauzo, lakini hicho ni kipindi cha mpito tu, kila kampuni kubwa hukipitia. Kampuni kubwa... Nikavimba kichwa. Nilikuwa nafilisika, nami nafurahi kwamba nafilisika kama wakubwa.

Ikafika Idd. Tulifunga duka la Handeni siku nne, Asha akaenda kwao. Nyumbani kwangu walijaa wageni, mashemeji na majirani. Baada ya kula nikatoa simu na kuipitisha mkono kwa mkono. Nikawaambia, "Angalieni, hili ni friji langu la Handeni. Nyuzi nne. Nimekaa hapa nakula biriani na ninajua baridi ya Handeni." Wakashangaa. Mmoja akasema mimi ni mwanamke wa kupigiwa mfano. Rama alikuwa amekaa pembeni yangu, anachokonoa meno. Kesho yake nikatazama tena, nyuzi nne. Siku ya tatu, nne. Siku ya nne, nne. Nikasema moyoni, mashine haichoki, haiendi kula pilau.

Wiki chache zilipita. Asubuhi moja nikapigiwa simu na mwanamke wa Kabuku aliyejitambulisha kama Mama Zuhura, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafuga kuku. Alisema walinunua chanjo ya kideri kwenye duka langu la Handeni baada ya Idd, wakachanja kuku wote wa kikundi. Sasa kideri kimeingia, na kuku waliochanjwa wanakufa sawa na wasiochanjwa.

Mnajua nilimjibu nini huyu mama wa watu? Nilimwambia chanjo zangu zinalindwa na kompyuta. Nikamwambia wamechanganya na maji ya chumvi, au wamewapa kuku waliokwisha kuugua, kwa sababu hawajui kusoma maelekezo. Nikamalizia kwamba watu wa vijijini kazi yenu ni kuharibu kitu kisha mnatafuta wa kumlaumu.

Akasema, "Basi njoo uone, mama."

Nilikwenda. Nilikwenda kuwaumbua, si kuwasaidia. Nilipanda basi la Dar nikashukia Kabuku, nimevaa vizuri, nimebeba simu yangu yenye ushahidi. Mama Zuhura akanipokea barabarani, akanipeleka nyuma ya nyumba moja ya tofali za kuchoma. Kuku walikuwa wamelundikwa chini, shingo zimepinda, wengine bado wanatikisa bawa. Wanawake watano walikuwa wanachimba shimo la kuwafukia. Mmoja wao alikuwa ndani ya shimo na jembe.

Alikuwa Bi Mwantumu.

Nilitamani niwe mimi ninayefukiwa. Baada ya mimi kumfukuza alirudi kwao, akawakusanya akina mama, akawafundisha ufugaji. Kuku mia mbili na zaidi. Ada za shule zilikuwa humo, bati za nyumba zilikuwa humo, dawa ya presha ya mama mmoja mzee ilikuwa humo.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," nikasema. Sijui ilitoka wapi.

"Marahaba, Mama Latifa. Karibu."

Nikamuuliza walinunua kwa nani hasa, nikitumaini kuna makosa. Akajibu akiwa bado ndani ya shimo, "Kwako. Mimi ndiye niliyemtuma Mama Zuhura. Nilimwambia aende duka la Mama Latifa, pale chanjo haijawahi kuharibika."

Nikatoa simu, kama mtoto anayetoa cheti. Nikamwambia friji lilikuwa sawa, sikukuu nzima niliona mwenyewe.

"Ilionyesha ngapi?"

"Nne."

"Siku zote nne?"

"Ndiyo."

"Asubuhi nne, na mchana nne?"

"Ndiyo, Bi Mwantumu. Haikubadilika hata mara moja."

Akaacha kuchimba. Akasimama na kunitazama, na nawaambia ukweli, haikuwa hasira. Ilikuwa huruma, na huruma ile ilinichapa kuliko kofi. "Mama Latifa," akasema, "friji halikai namba moja. Jua la mchana Handeni unalijua. Linapanda, linashuka, ukifungua mlango linapanda tena. Miaka yote ile nimeandika, siku moja haijafanana na nyingine. Namba isiyotikisika siku nne hiyo ni ya kitu kilichokufa."

Mama Zuhura akageuza uso pembeni. Wale wengine wakaendelea kuchimba.

Kutoka Kabuku nilikwenda moja kwa moja Handeni. Nikamkuta Asha, nikamuuliza alikuta nini dukani siku aliyofungua baada ya Idd. Akaanza kulia kabla sijamaliza swali. Alisema umeme wa LUKU ulikuwa umeisha, friji limezima, na maji yametapakaa sakafuni. Alinunua umeme, friji likawaka, akampigia Rama kuuliza kama chanjo azitupe. Rama akamwambia mfumo unaonyesha nyuzi nne, kwa hiyo auze, na asinisumbue mimi na mambo madogo.

Rama nilimkuta Korogwe, sebuleni kwangu, miguu juu ya meza yangu. Nikamweleza yote. Nilidhani ataruka, atakana, atashangaa angalau. Akashusha miguu taratibu.

"Dada, teknolojia ina changamoto zake," akasema.

Nikamuuliza kwa nini ile namba haikubadilika. Akajibu kama mtu anayeeleza habari ya mvua. Vile vidude vinatumia laini, na laini zinataka kifurushi. Kifurushi kiliisha kabla hata ya mwezi wa mfungo kuanza. Kikiisha, simu inabaki inaonyesha namba ya mwisho iliyopokea.

"Ulijua?"

"Nilipanga kuongeza."

"Ulikaa pembeni yangu siku ya Idd, nikiwaonyesha wageni... Ulijua?"

"Ningesema ungeanza kelele za kumrudisha yule bibi," akasema. "Ungeniaibisha."

Aibu yake. Mdogo wangu wa tumbo moja alipima aibu yake na kuku wa wanawake maskini, akaona yake ndiyo nzito. Nilimfukuza. Alichukua begi lake, akaondoka na viatu vyake visivyo na soksi, na kumbe aliondoka pia na neno la siri la mfumo. Kesho yake kompyuta hazikufunguka. Bei zote zilikuwa mle, orodha ya dawa zote ilikuwa mle. Daftari za Bi Mwantumu nilikuwa nimempa jirani afungie vitumbua. Nilisimama katikati ya duka langu mwenyewe, nimezungukwa na dawa nisizojua bei wala idadi yake, kama mgeni aliyekosea nyumba. Rama hakupokea simu. Nasikia sasa yuko mji mwingine, anatoa ushauri kwa wafanyabiashara. Kama amefika kwenu, mtamjua kwa ulaini wa ulimi. Mpeni maji ya kunywa, kisha mwonyesheni njia.

Wakaguzi wa dawa walikuja Handeni, nikawaeleza yote, wakakuta ni kweli, wakafunga duka. Walikuwa na haki. Muda wa kufungiwa ulipokwisha sikuwa tena na nguvu wala wateja wa kulifungulia. Niliuza kompyuta na kamera kwa bei ya kutupa. Duka la Korogwe nikalipunguza likarudi kuwa chumba kimoja, na Asha nilibaki naye, kwa sababu ndiye pekee aliyesema ukweli nilipomuuliza.

Nilirudi Kabuku na matenga ya vifaranga waliokwisha kuchanjwa, chanjo niliyoinunua kwa mwingine maana yangu nani angeigusa? Vifaranga mia mbili. Hawakuwa kuku wakubwa waliokuwa wanataga, nalijua hilo. Akina mama wakawapokea, wakanishukuru kwa adabu, adabu ileile unayompa mpita njia aliyekuomba maji.

Nikamvuta Bi Mwantumu pembeni. Nikamwomba radhi. Nikamwomba arudi kazini, mshahara ataupanga yeye, duka alishike yeye.

Alinisikiliza hadi mwisho huku anawamwagia vifaranga pumba. Kisha akasema, "Radhi nimekupa, Mama Latifa. Kazi sirudi."

"Kwa nini, kama umenisamehe?"

"Pale kwako nilikuwa naangalia friji. Hapa nikisema neno, wananisikiliza."

Akaniaga, akanisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Hatujaonana tena. Wanawake wa Kabuku sasa wananunua chanjo kwingine, na wanafanya vyema.

Wapo watakaosoma mkasa huu wakasema, unaona, kompyuta ni mbaya. Watu hao nawadharau pia, samahanini. Wenzangu wa ile semina ya Tanga mifumo yao inafanya kazi na maduka yao yanakua, kwa sababu watu wanaowauzia dukani wanawajua wateja, na mashine waliwapa watu hao iwasaidie. Mimi niliinunua ili nimpate wa kumfukuza. Sikutaka biashara iende vizuri zaidi, nilitaka nisichekwe tena mezani. Kwa nia ya namna hiyo, hata ungeninunulia mtambo wa dhahabu ningeutumia kujichimbia kaburi.

Wewe mwenye duka, mwenye mashine ya kusaga, mwenye zahanati, unayetaka kuleta mfumo mpya, nakusihi usipite nilikopita. Kabla hujalipa chochote, chukua kigoda, kaa siku nzima karibu na yule mtu unayetaka kumwondoa. Usiseme neno. Tazama mikono yake inakokwenda, sikiliza watu wanachomuuliza. Kwa Bi Mwantumu nilikuwa na miaka kumi na minne ya kufanya hivyo, na mimi sikukaa hata saa moja.